Kutoka "Ardhi Tupu" hadi Mpango wa Nchi: Historia ya Sheria za Ugawaji wa Ardhi Nchini Kongo tangu Mwaka 1885

0. Utangulizi

Eneo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo linapita kilomita za mraba milioni 2.3. Tangu mwaka 1885, kila utawala uliopita katika nchi hii umetunga sheria za kuamua wapi watu wakae, wapi palimwe, wapi pachimbwe madini na wapi pasiguswe. Dola Huru la Kongo lilifanya hivyo, ukoloni wa Kibelgiji ukafuata, kisha Jamhuri iliyopata uhuru mwaka 1960, kisha Zaire. Katika karne ya ishirini na moja Serikali imeanza kazi ya kurekebisha sheria hizo upya, ili nchi nzima iwe na mpango mmoja wa matumizi ya ardhi.

Makala haya yanafuata historia hiyo kwa kushika uzi mmoja, yaani wazo la "ardhi tupu": ardhi ambayo sheria inaihesabu kuwa haina mwenyewe, hata kama kuna watu wanaoishi kwayo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba bendera zilibadilika, majina ya miji yakabadilika, hata mwenye mali akabadilika, lakini wazo hilo lilirithiwa na kila utawala. Marekebisho yoyote yasiyoligusa wazo hilo yatakuwa yamechora ramani mpya juu ya kosa la zamani.

Ni vizuri kutenganisha mambo mawili tangu mwanzo. Ugawaji wa maeneo ni kitendo cha kukata mji au jimbo katika sehemu na kuipa kila sehemu kazi yake: makazi, viwanda, mashamba, msitu wa hifadhi. Upangaji wa nchi ni jambo pana zaidi. Ni kuoanisha sehemu hizo zote ili moja isiimeze nyingine. Kongo ilijua ugawaji wa maeneo mapema sana. Upangaji wa nchi ndio uliochelewa. Mifano mingi itatolewa Katanga, na hasa katika mji wa Lubumbashi, ambao zamani uliitwa Elisabethville. Huko mstari wa sheria ulionekana kwa macho ardhini, na huko vilevile watu waliishi kwa Kiswahili huku sheria iliyowahusu ikiandikwa kwa Kifaransa.

1. Neno moja katika amri ya 1885

Tarehe 1 Julai 1885, wakati Dola Huru la Kongo lilikuwa halijatimiza hata miezi mitano tangu kumalizika kwa mkutano wa Berlin, ilitolewa amri fupi kuhusu ardhi. Amri hiyo ilisema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mtu yeyote asiwanyang'anye wenyeji ardhi wanayoikalia. Pili, ardhi tupu ni mali ya Dola. Mwaka uliofuata, dekreti ya tarehe 14 Septemba 1886 ikaongeza kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji chini ya machifu wao zitaendelea kuongozwa na mila na desturi za mahali.

Kwa kusoma maneno hayo tu, mtu angeweza kudhani kwamba wenyeji walilindwa. Tatizo lilikuwa katika maana ya "kukalia". Kwa afisa aliyetoka Ulaya, ardhi inayokaliwa ni ile yenye nyumba na shamba lenye mazao yanayoonekana siku hiyo. Vingine vyote ni pori. Lakini kwa mkulima wa Katanga ya Juu, kwa mfano Mlamba au Mbemba, shamba la mwaka huu ni sehemu ndogo tu ya ardhi yake. Kilimo cha chitemene, ambacho hukata matawi ya miti, kuyachoma na kupanda katika majivu, kinadai ardhi ipumzike miaka mingi kabla ya kulimwa tena. Kuna mahali pa kuwinda, mahali pa kuokota uyoga na viwavi, mito ya kuvulia samaki, mahame ya vijiji ambako wazee wamezikwa. Shamba lililopumzishwa halijaachwa. Mwenyewe anajulikana na mipaka yake inajulikana. Sheria haikuwa na jicho la kuona jambo hilo.

Matokeo yake yalionekana katika miaka ya mpira. Kwa kuwa pori lote lilihesabiwa kuwa tupu, mpira wa porini na pembe za ndovu vilihesabiwa kuwa mazao ya mali ya Dola, na mwenyeji aliyevuna mpira katika msitu wa baba zake akawa kama mtu anayevuna mali ya mwingine. Tume ya uchunguzi iliyotumwa Kongo mwaka 1904, na ambayo taarifa yake ilichapishwa mwaka 1905, iliona kwamba tafsiri finyu ya ardhi ya wenyeji ilikuwa imewabana mno. Dekreti ya tarehe 3 Juni 1906 ikajaribu kurekebisha: ikaeleza kwamba ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kufuatana na mila zao, na ikaruhusu eneo wanalopewa lifikie hata mara tatu ya lile wanalolikaa na kulilima.

Kipimo hicho cha mara tatu kinafaa kutazamwa kwa makini. Kinaonyesha kwamba mtunga sheria alikuwa ameanza kufahamu kosa, lakini alilitibu kwa hesabu badala ya kulitibu kwa maarifa. Hakuuliza ardhi ya kijiji inaishia wapi. Alizidisha kile alichokuwa ameona. Ilipofika mwaka 1934 tu ndipo dekreti ya tarehe 31 Mei ilipoweka utaratibu wa uchunguzi mahali penyewe, ili kuthibitisha kama ardhi ni tupu kweli kabla ya kupewa kampuni au mtu. Wakati huo, nusu karne ilikuwa imepita tangu amri ya kwanza, na maeneo makubwa yalikuwa yamekwisha kugawanywa.

2. Katanga chini ya Kamati Maalumu

Katika Katanga, ugawaji huo ulichukua sura ya pekee. Kampuni ya Katanga iliundwa mwaka 1891, na kwa mapatano yaliyofanywa na Dola mwaka huohuo iliahidiwa theluthi moja ya ardhi zilizohesabiwa kuwa mali ya Dola katika eneo hilo. Kwa kuwa kukata theluthi kwenye ramani ya nchi isiyopimwa kulikuwa kazi ngumu, pande mbili zilikubaliana mwaka 1900 kuunda Kamati Maalumu ya Katanga, ambayo ingesimamia ardhi yote kwa pamoja: theluthi mbili za faida kwa Dola na theluthi moja kwa Kampuni. Kati ya wajumbe sita wa Kamati, wanne waliteuliwa na Dola na wawili na Kampuni.

Hadi mwaka 1910 Kamati hiyo ndiyo iliyotawala Katanga, na hata baada ya kukabidhi utawala iliendelea kusimamia ardhi. Hivyo shirika lenye wanahisa Ulaya ndilo lililotoa viwanja, mashamba ya walowezi na haki za kutafuta madini. Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na shaba ikawa ndiyo sababu ya kila mstari uliochorwa. Msomaji atakumbuka kwamba wakati huo makaazi ya kale ya wachimbaji shaba na wafua misalaba ya shaba yalikuwepo. Machimbo mengi ya kampuni yalifunguliwa pale ambapo wenyeji walikuwa wamekwisha kuchimba kwa karne nyingi. Ardhi hiyo nayo ilikuwa imehesabiwa kuwa tupu.

3. Elisabethville na ukanda usiokaliwa

Mji wa Elisabethville ulianza mwaka 1910, chini ya uongozi wa Emile Wangermée, mwaka uleule ambapo reli kutoka kusini ilifika mahali hapo. Mitaa ilinyooshwa kwa rula, ikikatana kwa pembe mraba, kana kwamba mji umewekwa juu ya karatasi yenye mistari. Mwanzoni Waafrika na Wazungu hawakukaa mbali sana wao kwa wao. Katika miaka ya 1920 mtaa wa Waafrika ulihamishwa kuelekea kusini, pale panapoitwa leo Kamalondo, na kati yake na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda wa mamia ya mita usiojengwa, ulioitwa ukanda wa kati au usio na upande.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya. Ilisemwa kwamba mbu waenezao malaria hawawezi kuruka mbali, na kwa hiyo nafasi tupu itawakinga Wazungu na maradhi. Lakini mpishi, yaya, boi na mtunza bustani walivuka ukanda huo kila asubuhi na kuurudia kila jioni. Waliwekewa sheria ya kutoonekana mjini usiku, lakini mbu hawakuwekewa. Ni dhahiri kwamba ukanda ulitenga watu zaidi ya ulivyotenga maradhi. Katika Léopoldville hali ilikuwa hiyohiyo, na huko ukanda wa kati ulipewa uwanja wa gofu, bustani ya mimea na bustani ya wanyama. Kwa maneno mengine, katika mji ambamo Waafrika walibanana viwanjani, sheria iliweka ardhi tupu kwa makusudi.

Hapa ndipo wazo la mwaka 1885 lilipogeuka. Shambani, utupu ulikuwa dai la uongo juu ya ardhi iliyokuwa na watu. Mjini, utupu ukawa chombo: sheria iliutengeneza, ikaulinda na kuugharimia.

Wakazi wa mji walikuwa na majina yao kwa mgawanyo huo. Palikuwa na mji wenyewe, yaani mahali pa Wazungu. Palikuwa na site, yaani mtaa wa Waafrika, ambao tangu dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 sheria iliuita kituo kilicho nje ya mila. Na palikuwa na kambi za kampuni, ambamo nyumba ilikwenda pamoja na kazi: mfanyakazi aliyeachishwa au mjane wa mfanyakazi aliyekufa alipoteza paa pamoja na mshahara. Jina lile la "nje ya mila" lina uzito wake. Kijijini Mwafrika alikuwa na haki kwa mila, bila hati. Mjini alihesabiwa kuwa nje ya mila, lakini hati ya ardhi hakupewa. Alikaa katika lupango lake kwa ruhusa tu, miaka kumi, ishirini, thelathini.

Kumbukumbu ya maisha hayo haikupotea kabisa. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji inayojulikana kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville, iliyochapishwa na kuchambuliwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Thamani ya andiko hilo kwa mwanahistoria wa sheria ni kwamba linatoka upande wa pili wa mstari: ni mji ulioonwa na wale waliouvuka kwa miguu kila siku.

4. Mwaka 1957: plani na kura

Baada ya vita vya pili vya dunia miji ilifurika. Utawala ulitangaza mpango wa miaka kumi, 1949 hadi 1959, na mwaka 1952 ukaunda Ofisi ya Mitaa ya Waafrika ya kujenga nyumba katika miji mikubwa. Katika Elisabethville mitaa ya Katuba na Ruashi ilikua haraka katika miaka ya 1950. Mitaa hiyo ilijengwa kwa mpangilio, barabara zikipimwa kabla ya nyumba, na wazee wengi wa Lubumbashi walikulia ndani yake. Si haki kusema kwamba upangaji miji wa kikoloni haukuacha kitu chema. Uliacha maji, mifereji na njia pana. Kilichokosekana ni sauti ya mkazi.

Mwaka 1957 ulileta mambo mawili kwa wakati mmoja. Dekreti ya tarehe 26 Machi iliipa miji katiba mpya ya utawala, na mwezi Desemba wakazi wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walipiga kura ya kwanza kuchagua madiwani wa komini zao. Katikati ya tarehe hizo, tarehe 20 Juni, ilitolewa dekreti ya upangaji miji. Hii ilieleza jinsi plani ya jumla na plani za sehemu zinavyotayarishwa, jinsi kila eneo linavyopewa matumizi yake, na ikamtaka anayejenga apate kibali.

Kwa Waafrika wengi wa mijini, kura ilikuja katika mwaka uleule ambapo utaalamu ulikabidhiwa mamlaka ya kuchora. Diwani mpya angeweza kusema habari za soko na taa za barabarani. Plani ya mji ilibaki katika ofisi za mafundi, kwa lugha ya mafundi. Na dekreti hiyo ya 1957, iliyoandikwa kwa ajili ya miji ya miaka ya hamsini, ilibaki kuwa msingi wa upangaji miji nchini kwa zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Léopoldville ilikuwa na watu takriban 400,000 mwaka 1960. Kinshasa ya leo imepita milioni kumi. Vazi lililoshonwa kwa mtoto liliendelea kuvalishwa mtu mzima.

5. Uhuru, Bakajika na sheria ya 1973

Jamhuri changa ilirithi nchi ambayo sehemu zake nyingi zilikuwa zimeahidiwa kwa makampuni. Jibu lake la kwanza kubwa lilikuwa amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayojulikana kwa jina la mbunge Bakajika. Ilirudisha mikononi mwa Jamhuri haki zote za ardhi, misitu na madini zilizotolewa kabla ya tarehe 30 Juni 1960, na kuwataka waliozishika waziombe upya. Wananchi wengi waliipokea kwa furaha, kwa kuwa ilionekana kuondoa kivuli cha Kamati Maalumu na ndugu zake. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière nazo zilichukuliwa na Dola.

Kisha ikaja sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu chake cha 53 kilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, isiyouzika wala kupotea kwa kupita kwa muda. Mtu binafsi hapati ardhi yenyewe. Anapata konsesheni, yaani haki ya kuitumia. Mkongomani aweza kuipata ya daima, na wengine kwa muda. Ushahidi wa haki hiyo ni cheti cha usajili, ambacho baada ya miaka miwili hakiwezi tena kupingwa kirahisi mahakamani.

Vipi kuhusu vijiji? Vifungu vya 387 hadi 389 vilitaja ardhi zinazokaliwa na jamii za mahali. Vilisema kwamba nazo zimeingia katika mali ya Dola, na kwamba haki za kuzitumia zitaelezwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka arobaini ilipita, amri hiyo haikutolewa.

Hapa ndipo penye kiini cha historia nzima. Mwaka 1886 mkoloni alikuwa amesema kwamba ardhi ya wenyeji itaongozwa na mila, akaipunguza kwa kuifinya. Mwaka 1973 Dola la Kiafrika, kwa nia ya kukamilisha uhuru, liliondoa mila katika sheria na kuahidi kitu badala yake. Badala hiyo haikuja. Ardhi haikuitwa tena tupu, lakini mwenye kuikalia aliendelea kuwa mtu asiye na karatasi. Kampuni ya kigeni ilikuwa imepoteza hati zake. Mwanakijiji hakuwa na hati ya kupoteza, na hakupewa nyingine.

Matokeo yalijitokeza kila mahali ambapo ardhi ilipanda bei, hasa katika milima ya Kivu yenye watu wengi. Mwenye uwezo na jamaa ofisini aliweza kuombea konsesheni ardhi iliyokuwa ikilimwa, kukaa kimya miaka miwili, kisha kuonyesha cheti. Machifu nao waliendelea kugawa na hata kuuza, kwa mamlaka ambayo sheria haikuyatambua lakini ambayo watu waliyajua. Kila shamba likawa na ukweli mara mbili, wa chifu na wa msajili. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Katika Kongo daftari lilikuwepo. Ugumu ni kwamba wengi wa wenye mali hawakuwa na njia ya kulifikia.

6. Wizara nyingi, ardhi moja

Baada ya mwaka 2000 Serikali ilitunga sheria mpya kwa wingi, kila moja katika fani yake. Sheria ya Madini ilitoka tarehe 11 Julai 2002 na kurekebishwa mwaka 2018. Sheria ya Misitu ilitoka tarehe 29 Agosti 2002. Iligawa misitu katika makundi matatu: iliyotengwa, iliyolindwa, na ya uzalishaji wa kudumu. Sheria ya kilimo ikafuata mwaka 2011, na ya hifadhi ya mazingira mwaka 2014.

Kila sheria hizi ilikuwa na ugawaji wake wa maeneo. Ofisi ya ramani za madini hugawa nchi katika miraba, kila mraba hekta 84.955, na kumpa mwombaji idadi anayostahili. Wizara ya misitu ina ramani yake ya konsesheni za mbao. Wenye hifadhi wana mipaka yao, mingine ya zamani sana: Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Mfalme Albert, na ugomvi wa mipaka kati yake na wakulima wa Kivu una umri karibu sawa na hifadhi yenyewe. Hapakuwa na sheria ya kuziweka ramani hizo juu ya meza moja. Mwezi Julai 2022 Serikali ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi, na baadhi ya vitalu vya mafuta viliingia ndani ya Virunga. Zabuni hiyo ya mafuta ilifutwa mwaka 2024. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Na hapa tembo walikuwa ofisi za Dola lilelile.

Mfano ulio karibu zaidi ni mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi. Kasulo ulikuwa mtaa wa makazi. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba chini ya nyumba kuna madini ya kobalti, na kwa muda mfupi watu wakaanza kuchimba mashimo uani, sebuleni na barabarani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ua ikawa mahali pa uchimbaji, na familia zilizokuwa humo zikahamishwa kwa fidia. Kwa sheria ya upangaji miji, Kasulo ni makazi. Kwa Sheria ya Madini, haki ya kilicho chini ya ardhi ni tofauti na haki ya kilicho juu yake. Mwenye lupango alikuwa na haki ya sakafu tu. Ni vigumu kupata mfano unaoonyesha wazi zaidi jinsi ugawaji wa maeneo usio na upangaji wa nchi unavyoweza kuifanya nyumba ya mtu kuwa ardhi tupu kwa siku moja.

7. Marekebisho na lugha yake

Haja ya kurekebisha ilikubaliwa na wote. Tume ya taifa ya marekebisho ya ardhi iliundwa kwa dekreti ya tarehe 31 Mei 2013. Sera ya ardhi ya taifa ilipitishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2022, na katika miaka hiyohiyo miswada juu ya ardhi na juu ya upangaji wa nchi ilifikishwa Bungeni. Hatua mbili nyingine zilielekea upande wa wenyeji. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 iliruhusu jamii za mahali kupata konsesheni za misitu, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ililinda haki za wenyeji wa asili, Wambilikimo, ambao kwa maisha yao ya uwindaji walikuwa wamehesabiwa kuliko wengine wote kuwa watu wasioacha alama ardhini. Aidha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inadhamini mali ya mtu au ya kundi iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Neno "mila", lililotolewa mlangoni mwaka 1973, lilirudi kupitia Katiba.

Uzoefu wa misitu ya jamii una fundisho la pekee. Ili kuomba konsesheni, kijiji kinapaswa kwanza kuchora ramani yake: wazee, wawindaji na wanawake wanaotafuta kuni na dawa wanatembea mipakani, wanataja majina ya vijito na mahame, wanapatana na majirani. Hiyo ni kazi ambayo amri ya 1885 iliiruka, ambayo dekreti ya 1906 iliizidisha kwa tatu bila kuifanya, na ambayo dekreti ya 1934 iliianza ikiwa imechelewa. Mpango wa nchi ukianza na ramani za namna hiyo, utajua unachokigawa. Ukianza na picha za setelaiti peke yake, utaona miti na kudhani hakuna watu.

Jambo la mwisho linahusu wasomi wa lugha moja kwa moja. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, katika siku sitini tangu kutiwa sahihi. Katika mambo ya ardhi wajibu huo si pambo. Sheria ya ugawaji wa maeneo hufanya kazi kwa maneno: tupu, mipaka, matumizi, haki, fidia. Mtu asiyeelewa neno hawezi kupinga mstari uliochorwa kwalo, na anapewa muda mfupi wa kupinga.

Kazi ya kutafsiri maneno hayo ni ngumu, na ugumu wenyewe unafundisha. "Konsesheni" haina neno la asili, kwa sababu mila haikujua ardhi inayotumiwa na mtu huku ikimilikiwa na mwingine aliye mbali ambaye hakuwahi kuikanyaga. "Ardhi tupu" inatafsirika kwa urahisi, lakini ikisomwa kijijini itazua swali mara moja: tupu ya nani? Swali hilo halina nafasi katika Kifaransa cha sheria. Katika Kiswahili linajileta lenyewe, kwa kuwa msemaji anajua kwamba shamba linalopumzika lina mwenyewe. Tafsiri nzuri ingekuwa kipimo cha sheria yenyewe: kifungu kisichoweza kuelezwa kwa mkulima kwa lugha yake bila kuzua swali kama hilo, kifungu hicho kinahitaji kutazamwa tena na Bunge.

8. Hitimisho

Kwa ufupi, historia ya sheria za kugawa ardhi nchini Kongo ni historia ya kuchora kabla ya kuuliza. Mkoloni alitangaza utupu mashambani na akautengeneza mijini. Jamhuri ilirudisha mali kwa Dola, ikaahidi kushughulikia haki za vijiji, ikakawia. Sheria za fani mbalimbali zikaongeza ramani bila kuongeza maelewano. Marekebisho ya sasa yana nafasi ambayo hayakuwa nayo yaliyotangulia, kwa kuwa Katiba inatambua mila, vijiji vimeanza kuchora ramani zao, na lugha za taifa zimepewa cheo. Manufaa ya sheria yoyote ya upangaji wa nchi yatapimwa mahali kama Kasulo, Kamalondo na mahame ya chitemene, kwa swali moja ambalo mkazi ataweza kuliuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili: mstari huu ulipochorwa, nani aliulizwa?